Tusinunue mashine ya kuingia kwenye sanduku

Tunajua wengi mnangoja tuandike juu ya ule mkutano wa mwezi uliopita, ule ambao watu walitoka bila kuagana. Basi tunaandika. Si siri tena: ikimina yetu ina franga 1,960,000, na hatukubaliani ni mashine gani ya CNC tununue.

Kwa wale walio mbali, walioko Mahama, Kigeme, Nairobi, Nakivale, tuwaeleze kidogo. Tuko vijana 14. Kila mmoja alitoa franga 2,000 kila wiki, na tumefanya hivyo wiki 70 bila kuruka. Kuna mwenzetu aliyekuwa anauza mayai ya kuchemsha usiku ili apate zile 2,000. Kuna dada aliyetoa wiki ileile aliyojifungua. Kwa hiyo mtu akisema "ni vifranga kidogo tu, tununue chochote," tunamwomba akae chini kwanza.

CNC ni nini? Ni mashine inayochonga mbao yenyewe. Unachora kitu kwenye kompyuta, programu inageuza ule mchoro kuwa mistari ya amri, na mota tatu zinasogeza kisu kinachozunguka: moja kushoto na kulia, moja mbele na nyuma, moja juu na chini. Kile kisu kidogo sisi tunakiita meshi. Ndiyo ile mashine iliyochonga milango yenye maua mnayoiona Kigali. Watu wanafikiri ni mkono. Siku hizi mara nyingi ni mashine.

Wazo lilitoka kwetu wenyewe, halikuletwa na shirika lolote, na tunalisema kwa fahari kidogo. Tumefundishwa kushona, tumefundishwa sabuni ya maji, tumefundishwa kusuka nywele. Vyeti tunavyo, vingine tumeviweka kwenye fremu. Lakini ukifundisha watu 200 wa mtaa mmoja kutengeneza sabuni ya maji, nani atamuuzia nani? Tulitaka kitu ambacho jirani hana. Wawili kati yetu ni watoto wa maseremala, mmoja baba yake alikuwa na atelye Bukavu, na mwingine alisoma uchoraji wa kompyuta kabla ya kukimbia Bujumbura 2015. Tukaweka hivyo vipaji pamoja, tukasema: karakana ya nyumbani, ndani ya ile geto ya nyuma ambayo wenzetu watatu wanapanga, na mashine moja nzuri.

Sasa shida. "Nzuri" maana yake nini?

Upande mmoja wa kikundi unataka ile ndogo inayoitwa 3018. Hiyo namba ni ukubwa wa mahali inapoweza kuchonga: sentimita 30 kwa 18. Ni kama daftari lililofunguliwa. Kwenye maduka ya China ya intaneti inauzwa karibu dola 200, wakati mwingine chini ya hapo. Inakuja kwenye boksi, unaifunga kwa skrubu jioni moja, na ukitaka unaifungua tena na kuiweka kwenye sanduku la safari. Hicho ndicho kinachowavutia watu, hata kama hawakisemi. Tutarudi hapo.

Hiyo mashine tunaijua kwa sababu mwenzetu mmoja alikuwa nayo. Aliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Mwaka jana akapata kazi ya kwanza ya maana: kibao cha saluni, herufi zimechimbwa ndani ya mbao ya libuyu, kina cha milimita nne. Sote tulienda kuangalia kama tunaangalia mpira. Mashine ile haina nguvu ya kula milimita nne mara moja, ilikuwa inakwangua nusu milimita, inarudi, inakwangua tena. Raundi nane. Tulianza saa tatu asubuhi. Saa saba na kitu, herufi karibu zimeisha, kura ikaenda.

Dakika 20 tu, umeme ukarudi. Lakini mashine ilikuwa imesahau iko wapi. Hizi mota hazijui mahali zilipo, zinahesabu hatua tu kuanzia pale ulipoziwasha, kama mtu anayetembea gizani akihesabu miguu. Ukimzimia hesabu, amepotea. Tukajaribu kuirudisha kwa macho. Tulikosea kama milimita mbili. Ukiangalia kile kibao sasa, kila herufi ina kivuli chake pembeni. Mama wa saluni alikuwa mpole, alisema, "Wanangu, hii siwezi kuiweka mlangoni." Mbao ikaenda, siku ikaenda, na ule mteja hakurudi.

Tunasimulia hii kwa sababu watu wa upande ule wanasema lile lilikuwa kosa la umeme. Sisi tunasema hapana. Umeme kukatika Kigali si kama Goma au Bukavu tulivyozoea, lakini unakatika, na mashine ya kununua ni ile inayojua hilo. Kuna vitufe vidogo vinavyowekwa mwisho wa kila upande. Mashine ikiwashwa inatembea taratibu mpaka inavigusa, na hapo inajua: sawa, hapa ni nyumbani. Kutoka hapo inaweza kurudi palepale ilipokuwa, kwa sababu ubao wake wa umeme unatunza mahali kazi ilipoanzia hata ukizimwa. Unarudi nyuma mistari michache kwenye faili, unaendelea. Mashine ya mwenzetu haikuwa na vile vitufe. Ni vitu vya bei ndogo sana, na ndivyo vilivyotunyima mteja.

Kwa hiyo sharti letu la kwanza, kabla hata ya ukubwa: isije mashine isiyo na vitufe vya mwisho.

La pili ni ugumu wa mwili wake. Hapa watu wengi wanadanganywa na picha. Wanaangalia nguvu ya mota, wanaangalia kasi ya kisu, wanasahau mifupa. Mashine ya kuchonga ni kama mtu anayeandika: ukiwa na kalamu nzuri lakini mkono unatetemeka, barua itakuwa mbaya. Jaribu hivi ukikutana na mashine yoyote: shika pale kisu kinapokaa, sukuma kwa kidole gumba. Kikisogea ukaona kwa macho, ondoka.

Kuna hesabu moja tunataka wote muijue, maana inamaliza ubishi mwingi. Meshi yenye makali mawili ikizunguka mara 18,000 kwa dakika, inakata mara 36,000. Ukiisogeza milimita 1,800 kwa dakika, kila ukali unachukua kipande cha milimita 0.05. Hicho ni kipande cha kweli, kinaruka, na kinaondoka na joto lake. Sasa ile ndogo: inazunguka kama mara 10,000, na ukiisogeza zaidi ya milimita 300 kwa dakika kwenye mbao ngumu inaanza kulia na kupinda. Gawanya: ni milimita 0.015. Hapo haikati tena, inasugua. Mbao inakuwa nyeusi, meshi inapoteza makali, na nyumba nzima inanuka kama mtu ameunguza ugali. Tulidhani ni libuyu mbaya. Kumbe ni hesabu.

Upande wa pili wa kikundi, wale wa ndoto kubwa, wanataka ile ya 1325. Mita 1.3 kwa 2.5, inameza shiti nzima ya MDF. Waliona tangazo la mtu anauza iliyotumika, wakasema tuongeze mkopo. Wandugu, tunawapenda, lakini hiyo si mashine ya geto. Ina uzito wa gari dogo. Nyingi zinataka umeme wa fazi tatu, na sisi tunashiriki kash pawa moja na familia mbili. Mwenye nyumba wetu ni mzee mwema, lakini siku tunaleta krini kwenye ile njia ya vumbi, ndiyo siku ya kutafuta nyumba nyingine.

Ila walitufanyia jambo moja zuri. Walitulazimisha kwenda Gisozi, Agakiriro, kuangalia mashine kama hizo zikifanya kazi. Kama hujawahi kufika, ni mji wa mbao: vitanda, milango, makochi, kelele za misumeno, na watu wanabeba kabati kichwani kama wanabeba ndoo. Tulikaa karibu na fundi mmoja anayeendesha CNC kubwa mpaka akachoka na maswali yetu. Akatuambia kwa Kinyarwanda kitu ambacho tulikiandika: mashine inafanya kazi nusu siku, nusu nyingine anangoja mtu wa kumchorea. Wateja wanakuja na picha ya simu, imekatwa nusu, wanasema "nataka kama hii." Yeye hajui kuchora, anamlipa kijana wa mjini kwa kila mchoro.

Sisi tuna mtu anayejua kuchora! Tulirudi kwenye basi tunaangaliana. Pengine biashara yetu ya kwanza haitaki mashine kabisa. Dada yetu wa Bujumbura ameshaanza kuchora kwa Inkscape, ambayo ni ya bure, kwenye laptop ambayo kibodi yake ina herufi mbili zilizokufa. Anajifunza FreeCAD pia, nayo ya bure. Tayari amechora milango miwili ya fundi wa Gisozi na amelipwa kwa MoMo.

Kwa hiyo kuna waliosema: basi tusinunue. Tuchore, tupeleke Gisozi, au twende FabLab Rwanda, ile iliyofunguliwa Kacyiru mwaka 2016, tujifunze kwa mashine za wengine. Hili ndilo wazo lililotusumbua zaidi, kwa sababu lina akili. Na tunalikubali nusu. Kila mmoja anayetaka kugusa mashine yetu aanze kwa kugusa ya wengine. Lakini ukichonga kwa mwingine, foleni ni yake, makosa unalipia wewe, na huwezi kujaribu saa nne usiku kitu ambacho huna uhakika nacho. Fundi anajifunza kwa kuharibu. Tunahitaji mahali pa kuharibu.

Sasa tuseme tunachokitaka sisi, tunaoandika hapa. Ni ile ya katikati, sentimita 60 kwa 40. Kwa nini hizo namba? Chukua shiti ya MDF, sentimita 244 kwa 122. Ikate mara nne kwa urefu na mara tatu kwa upana. Unapata vipande 12 vya karibu 61 kwa 40. Shiti moja, vipande 12, kila kimoja kinakaa mezani karibu chote. Mlango wa kabati la jikoni unaingia. Kibao cha saluni kinaingia. Kibao cha kanisa, kama wachungaji wataacha kuweka majina marefu, kinaingia. Na kama mbele na nyuma ya mashine ni wazi, unaweza kusukuma mbao ndefu ndani, ukachonga nusu, ukasogeza, ukachonga nusu nyingine.

Iwe na skrubu ndefu pande zote tatu, si mkanda wa mpira. Mikanda inafanya kazi, kuna mashine nzuri tu za mikanda. Shapeoko, iliyoanza 2011 kama mradi wa mtu mmoja, Edward Ford, ilijulikana dunia nzima kwa mikanda. Lakini mkanda unavutika, na sisi hatuna duka la kuununua hapa jirani. Na mahali pa kushikia mota ya kisu pawe pa milimita 65, ili tuweze kuweka ile randa ndogo ya mkono ya umeme ambayo maseremala wanayo. Hiyo ikifa, tunapata nyingine. Makaa yake yakiisha, fundi wa mota anabadilisha. Ukinunua mota ya ajabu inayopatikana kiwandani tu, siku ikifa umebaki na meza ya chuma ghali.

Ubongo wake uwe wa GRBL. Hiyo ni programu ya wazi, ya bure, ilianzishwa 2009 na Simen Svale Skogsrud wa Norway, na inaendeshwa na ubao mdogo wa bei nafuu. Kuwa makini na zile 6040 za zamani zinazouzwa kwa bei tamu: nyingi zinataka Mach3 na kompyuta ya kizamani yenye tundu pana la printa nyuma, na Windows ambayo hakuna mtu anaitumia tena. Muuzaji anakupa ile programu kwenye flashi, ni ya kuiba, haina leseni. Mmoja wetu karibu alipe advansi ya mashine kama hiyo huko mjini. Alipouliza kama inafanya kazi na laptop ya kawaida, muuzaji akasema "inafanya, inafanya," kwa haraka ile ambayo sisi wakimbizi tunaijua.

Bei je? Hapa tusidanganyane. Mashine kama hiyo, tuliyoiona sisi, ni karibu dola 900. Tuseme usafiri dola 200, kwa meli mpaka Dar es Salaam halafu lori. Jumla 1,100. Kodi ya ongezeko la thamani Rwanda ni asilimia 18, na inahesabiwa juu ya bei pamoja na usafiri: hapo ongeza 198. Tumefika 1,298, kabla ya kusikia dekleranti atasema nini juu ya ushuru. Ikimina yetu ikigeuzwa dola ni kama 1,350. Zimebaki 52. Hatujanunua meshi hata moja, hatujanunua betri ya kushikilia kompyuta umeme ukienda, hatujanunua mashine ya kunyonya vumbi.

Ndiyo maana tunasema tungoje wiki 10 zaidi. Wiki 10 ni franga 280,000. Tunajua kuna waliochoka. Mtu amengoja wiki 70, unamwambia bado 10, anakuona kama ofisi. Lakini kuleta mashine bila meshi ni kama kuleta sufuria bila moto.

Na vumbi si mchezo. Tangu 1995 vumbi la mbao liko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani, ile ya IARC, ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu, na MDF ina gundi yenye fomaldehaidi juu yake. Pale geto kuna watu watatu wanalala, na mmoja ana pumu. Halafu kuna moto. Agakiriro ya Gisozi imeungua zaidi ya mara moja, watu wamepoteza kila kitu, na pale ni mahali palipojengwa kwa kazi hiyo. Sisi tuna magodoro ya sponji. Kwa hiyo pendekezo letu, na tunajua wenzetu watatu hawalipendi: chumba cha mbele kiwe cha mashine peke yake, na wao wahamie kile cha nyuma, na kikundi kiwasaidie kodi. Mashine isiachwe peke yake ikifanya kazi, hata kwenda chooni. Na isifanye kazi baada ya saa mbili usiku, wala Jumapili asubuhi. Majirani wa Kabeza wametuvumilia na kwaya, tusiwajaribu na hii.

Kuna jambo dogo pembeni. Wengine wameshaanza kusema tutachonga imigongo, ile michoro ya pembe pembe, tuuze kwa watalii. Mashine inaweza, tena vizuri. Lakini imigongo ni kazi ya mikono ya akina mama wa Nyakarambi kule Kirehe, wilaya ileile yenye kambi ya Mahama iliyopokea wengi wetu. Wanaifanya kwa samadi ya ng'ombe na vidole vyao. Sisi tumepewa kivuli katika nchi hii, tusianze kwa kuwauzia wageni nakala ya mkono wa mama aliyetupokea. Hilo ni oni letu, tubishane.

Sasa ile ya sanduku.

Kwenye mkutano, kaka mmoja tunayemheshimu sana, mkubwa wetu, alisimama akasema: "Ninyi mnataka kununua kilo 60 za chuma. Kesi yangu ikitoka kesho, nitaibeba mgongoni?" Chumba kikanyamaza. Kwa sababu sote tuna kesi. Ukiwa mkimbizi mjini, ratiba yako inaandikwa na simu ambayo haijalia. Watu hawanunui kitanda kizuri, wanasema tutaenda. Hawaingii chuo cha miaka mitatu, wanasema tutaenda. Mtu anachumbia, anasema tungoje kwanza. Kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na kuna wenzetu waliokuwa wameshauza masufuria yao. Wameuza, na wako hapa, wanapikia kwa masufuria ya kuazima.

Kaka, tunakujibu kwa heshima, na tunajua ulikuwa kati ya hao. Hatusemi simu haitalia. Tunaomba ilie. Lakini tumeangalia vitu tulivyonunua miaka hii yote, na karibu vyote vina umbo la sanduku. Simu, spika ndogo, mashine ya kunyolea, ile 3018. Vyote vidogo, vyote vinapinda mbao ikiwa ngumu. Tumechagua kwa uzito, hatukuchagua kwa kazi. Na wakati huo miaka 9, 10, kwa wengine zaidi ya 20, imepita, na kazi ilikuwa hapa.

Tena, ukiondoka, hubebi mashine, unabeba kuijua. GRBL ni ileile Kabeza na Ohio. Hesabu ya milimita 0.05 haiombi viza. Lakini huwezi kuijua kwa mashine inayosugua badala ya kukata.

Na mashine itabaki kwa nani? Swali zuri, na lazima liandikwe kwenye karatasi kabla ya franga kutoka. Pendekezo letu: mashine ni ya kikundi, si ya mtu. Anayeondoka anarudishiwa alichotoa bila faida, kidogo kidogo kutoka kwenye kazi, ndani ya miezi 12. Anayekuja mpya anaanza na 2,000 zake kama sisi. Na kama siku moja wote 14 tumeondoka, siku njema hiyo, inabaki kwa wale wadogo wa miaka 15 wanaokuja kuchungulia dirishani kila tukichonga. Wale hawana kesi yao wenyewe, wako kwenye kesi za wazazi.

Mkutano ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, palepale geto. Kila mtu aje na hoja, si na hasira. Dada wa Bujumbura ataleta mchoro wa chumba. Yule aliyekuwa na 3018 ataleta kile kibao cha saluni, tukiweke katikati tukiangalie wakati tunapiga kura.

Na mwenye mita aje nayo. Jana tulipima mlango wa chumba cha mbele kwa kamba, tukapata kama sentimita 78, na mwili wa mashine tunayoitaka unazidi hapo. Ama iingie imelazwa ubavu, ama tuifungue nje na kuifunga ndani, ama tumwombe mzee mwenye nyumba tutoe fremu ya mlango. Tusingependa kulijua hilo lori likiwa limeshafika.